Mafundi watatu, tovuti moja: uzoefu wangu wa kuajiri frilansa Kampala

Nauza vitenge kwa jumla karibu na Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala. Wateja wangu wengi ni Wakongomani wa Bunia, Beni na Butembo, na tunafanya biashara kwa Kiswahili kuanzia salamu hadi risiti. Zamani mali mpya niliionyesha Facebook. Ilipozuiwa Uganda Januari 2021, wakati wa uchaguzi, ikawa huwezi kuingia mpaka uwashe VPN. WhatsApp nayo ina adha yake: mteja anaulizia kitenge ulichokiweka wiki iliyopita, na stetasi ilishajifuta zamani. Ndiyo nikataka tovuti.

Tangu hapo tovuti hiyohiyo imepita mikononi mwa mafundi watatu, wote wa kujitegemea, hakuna aliyetoka kwenye kampuni. Nawaeleza mmoja mmoja, bila majina, maana watu wa hapa mjini wananiuliza kila mara nimpe nani kazi, nami nimechoka kurekodi sauti ndefu za WhatsApp. Wengi huanza na bei. Mimi naanza na swali jingine: siku mkikosana, domeini (jina la tovuti) na hosti (mahali tovuti inapohifadhiwa) vitabaki kwa nani?

Wa kwanza aliletwa na shemeji. Kijana mchangamfu, simu mbili mezani, anakufungulia tovuti za hoteli na za shule alizosema ni kazi zake. Tukapatana milioni moja na laki mbili, nusu mbele, nusu akimaliza. Kwenye WhatsApp tukaandikiana waziwazi kwamba domeini itasajiliwa kwa baruapepe ya duka, na hosti vilevile. Kazi yenyewe haikuwa mbaya. Tovuti ilisimama, picha zikaonekana, nikamaliza kumlipa.

Mwaka ulipokaribia kwisha akaleta ankara ya kulipia mwaka wa pili: laki nane. Nikamuuliza kulikoni, mbona domeini ya .com watu wanailipia dola kumi na kitu kwa mwaka? Akajibu kwamba humo ndani kuna laki tatu za cheti cha usalama. Cheti chenyewe ni kile kinachofanya anwani ianze na https. Shirika la Let's Encrypt linakitoa bure, na kampuni nyingi za hosti zinakuwekea bila kukudai shilingi. Naomba hilo lishikwe vizuri, kwa sababu nimeshaona ankara za namna hiyo kwa majirani zangu wawili watatu.

Mpwa wangu akaiandikia kampuni iliyosajili domeini. Wakajibu kwamba baruapepe ya duka haina domeini yoyote kwao. Kijana alikuwa ameiandikisha kwa baruapepe yake, kinyume na tulivyoandikiana. Ukitafuta mwenye domeini ya .com mtandaoni, mara nyingi jina lake limefichwa, kwa hiyo hata ukishuku huoni kitu. Ipo dalili moja lakini. Mtu akisajili .com, hutumiwa barua ya kuthibitisha baruapepe yake, na asipoithibitisha ndani ya siku 15 domeini inaweza kusimamishwa. Barua hiyo haikuwahi kufika kwangu. Siku hizi fundi hagusi kitu kabla sijaiona ikiingia kwenye simu yangu na kuibonyeza kwa kidole changu.

Nilipodai domeini yangu, danadana zikaanza. Mara yuko Mbarara, mara simu imeharibika, mara “Hajati nivumilie hadi Jumatatu.” Muda nao ulikuwa unakwenda. Domeini ya .com ikiisha haipotei siku hiyohiyo, lakini ikishafutwa na msajili huingia kwenye kipindi cha siku 30 ambacho kuirudisha kuna ada nzito, na baada ya hapo yeyote anaweza kuichukua.

Kilichonisaidia ni yale maandishi. Kwa Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010, mapatano yanayozidi shilingi 500,000 lazima yawe ya maandishi, na sheria hiyo inautambua ujumbe wa kielektroniki kuwa maandishi ilimradi unaweza kurejewa. Tena madai yasiyozidi shilingi milioni 10 yana utaratibu wake mahakamani, ule wa madai madogo, ambao mtu anajisemea mwenyewe bila wakili. Nikamtumia kijana picha za mazungumzo yetu, nikamwandikia kwamba nitazipeleka huko. Jioni ileile msimbo wa kuhamisha domeini ukaingia, na chini yake: “Hajati, tusifikishane mbali.”

Huyo simpi alama. Anajua kazi, ndiyo maana inauma zaidi.

Wa pili nilimpata Upwork, jukwaa la mtandaoni la kuajiri mafundi wa kujitegemea, yeye akiwa Asia, mimi dukani. Wengi wa rika langu wanaogopa kumlipa mtu wasiyemwona, ila mpango wa pale unaeleweka. Kazi ya bei maalumu mnaigawa hatua, fedha ya hatua unaiweka kwenye jukwaa kabla fundi hajaanza, naye haipati mpaka uikubali kazi. Akishaiwasilisha una siku 14 za kuikagua au kudai marekebisho. Ukinyamaza mpaka zikaisha, fedha inamwendea. Kwa hiyo si mahali pa kuweka fedha ukaenda harusini Arua ukasahau. Malipo ni kwa kadi, kwa dola, na benki yako itachukua chake kwenye kubadilisha.

Kazi niliyompa ilikuwa kuipunguzia tovuti uzito, na hapo nampa haki yake yote. Picha zangu zilipigwa kwa simu, kila moja megabaiti nne, tano, na kijana wa kwanza alizipandisha hivyohivyo. Mteja wa Bunia akifungua ukurasa, salio la intaneti linakatika kitenge cha tatu hakijatokea. Huyu wa pili alizishusha zote chini ya kilobaiti 150. Nilikaa na mteja mmoja, simu yake upande huu, kitenge chenyewe mezani, tukalinganisha. Rangi ya samawati haikubadilika, maua hayakufifia, na ukurasa ulifunguka kabla hajamaliza kusema bismillahi.

Hatua iliyofuata ilikuwa malipo ya MTN Mobile Money, na hapo ndipo tulipokwama. Alinitumia video yenye furaha tele: mteja anachagua, anabonyeza, malipo yamepita. Nikaitazama mara ya pili. Bei iliyolipwa iliandikwa kwa yuro. Yuro Kikuubo? Nikamuuliza, akasema ni majaribio tu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba mazingira ya majaribio ya MTN hutumia yuro kwa kila mtu, nchi yoyote, na kupita kwa malipo hayo hakuna maana kwamba duka limeunganishwa. Ili ulipwe kwa shilingi halisi, biashara yenyewe inapeleka karatasi zake kwa MTN Uganda na kusubiri idhini. Yeye hakujua aombe karatasi gani wala nani aende wapi. Hakuwa tapeli. Hatua hiyo tuliivunja kwa makubaliano, fedha ikarudi kwangu, na bado namtumia watu wenye kazi za aina ile ya kwanza. Kazi ya kubonyeza tu, isiyohitaji mtu kupanda ngazi za ofisi yoyote hapa Kampala, mpe yeyote duniani mwenye sifa nzuri. Inayogusa mobile money ya hapa, tafuta wa hapa.

Wa tatu ndiye niliye naye sasa. Ni binti wa Arua anayekaa Ntinda, Kiswahili chake safi kuliko cha wanangu. Alitajwa na mama mmoja anayeuza vipodozi ghorofa ya chini. Sikuishia kwenye kutajwa, niliomba namba za wenye tovuti alizozitengeneza nikawapigia. Picha ya tovuti mtu yeyote anaweza kuifungua kwenye simu na kusema ni yake, ila mwenye duka ukimpigia anakwambia kama anamfahamu huyo fundi. Mmoja wao alinijibu, “Anachelewa, lakini haibi.” Nilimpenda kwa jibu hilo.

Kabla ya mkataba nilimpa kazi ndogo ya kulipwa, shilingi laki moja: kwenye kitenge kimoja tu, mteja aweze kuchagua yadi 6 au yadi 12. Wale wengine wangeweka vitufe viwili wakaondoka. Yeye alinipigia. “Hajati, mteja akitaka yadi sita, na stoo kimebaki kipande kimoja cha kumi na mbili, mnakata au hamkati?” Hatukati. Sisi ni jumla, na kipande kilichokatwa kitakulalia. Basi akapanga stoo ya yadi 6 na ya yadi 12 zihesabiwe mbalimbali. Nimeajiri wauzaji waliokaa dukani miezi bila kuuliza swali hilo.

Kazi aliifanya kwenye nakala ya majaribio pembeni, nikaiona, nikaikubali, ndipo akaihamishia kwenye tovuti yenyewe. Nilitaka kumpa neno langu la siri, akakataa. Tovuti yangu ni ya WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, na mle kila mtu anaweza kuwa na akaunti yake yenye ngazi yake, kwa hiyo nimfungulie yake, na siku tukiachana niifute mwenyewe. Akanionyesha orodha ya wasimamizi. Kulikuwa na jina moja ambalo mimi silijui, wala mpwa wangu halijui. Chanzo kilikuwa plagini (programu ya nyongeza) ya kulipia ambayo kijana wa kwanza aliiweka ya wizi, iliyovunjwa kufuli na kugawiwa bure mtandaoni. WordPress yenyewe haina gharama na plagini zake nyingi hazina, lakini hizi za kuvunjwa mara nyingi zimetegwa mlango wa nyuma. Rahisi huvunja upishi, wazee walisema, na mimi hata rahisi yenyewe sikuipata: nililipia milioni na laki mbili!

Kitu kingine ambacho hakuna aliyewahi kunigusia ni namba za wateja. Aliuliza tunazikusanya za nini, zinakaa wapi, nani anaziona. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujiandikisha kwenye ofisi inayosimamia mambo hayo. Aliondoa kwenye fomu sehemu ya tarehe ya kuzaliwa, maana hakuna sababu ya mimi kujua mnunua kitenge kazaliwa lini.

Bei yake iko juu. Milioni mbili na nusu kwa kazi yote, kwa mafungu matatu, kila fungu lina kitu kinachoonekana kabla ya kulipwa. Baada ya hapo laki moja na nusu kwa mwezi za matunzo: kusasisha, kurekebisha, na nakala kamili ya tovuti kuingia kwenye Google Drive yangu kila wiki. Mpwa wangu huzifungua nakala hizo mara mojamoja kuona kama kweli zina kitu ndani. Zina.

Mobile money alituandikia orodha ya karatasi za biashara, tukazipeleka wenyewe, tukasubiri sana, ikakubaliwa. Sasa mteja anabonyeza, simu yake inamwomba namba ya siri, shilingi zinaingia. Nikisema kweli, wanaolipa hivyo ni wa Kampala na wa mipakani. Wakongomani wangu bado wanakuja na dola mkononi. Tofauti ni kwamba wanafika wakiwa na picha ya kitenge wanachokitaka, hawanipangulii duka zima tena.

Kasoro zake? Asubuhi hapokei simu. Andika ujumbe, atajibu saa tano usiku, na atajibu vizuri, lakini kama tovuti imeanguka saa tatu asubuhi siku ya soko, utatapatapa peke yako. Na jicho la urembo hana. Ukurasa wa mbele alioutengeneza ulikuwa kama fomu ya benki, mpaka nikamletea kijana wa Nasser Road anayenichorea kadi, akampangia rangi. Kazi ya siku mbili aliyoniahidi, ihesabu wiki.

Nampa nne juu ya tano. Ile moja nimeikatia simu za asubuhi. Ukurasa wa Kifaransa nilioulipia fungu la kwanza bado haujatoka, na wa Butembo wameshaanza kuuliza.