Uzoefu wangu: supachaja ya kujitengenezea kwenye Eunos Roadster ya 1992, hapa Malindi

Nimeendesha gari hili na supachaja, yaani pampu inayosukumia injini hewa zaidi ili ipate nguvu, miezi kumi sasa, kaskazi nzima na kusi karibu yote, na nimeona niandike kwa sababu walioniuliza ni wengi. Swali lao ni moja: inafaa au haifai? Inafaa. Lakini ipangwe kwa hewa ya Pwani na joto la Pwani. Mimi nilianza na hesabu za Nairobi na nusura niimalize injini.

Gari lenyewe ni Mazda MX-5 ile iliyouzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster, injini ya 1.6. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi 120. Ni gari jepesi, halifiki tani moja, na kwenye kona ni raha tupu. Shida ni pale unapotoka Gede kurudi mjini, mbele kuna lori la chumvi, nawe unakanyaga mafuta kisha unangoja. Tabo, ile chaja inayozungushwa na moshi wa injini, niliifikiria nikaiacha, maana hukaa kwenye egzosti na chini ya boneti la gari hili hakuna nafasi ya moto zaidi. Supachaja huzungushwa na mkanda kutoka kwenye krenki, ule mhimili mkuu wa injini, kwa hiyo nguvu inakuja pale pale unapokanyaga.

Chaja niliyotumia ni Eaton M45, ile iliyokuwa kwenye Mini Cooper S ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nilinunua ya mtumba Nairobi, shilingi 38,000. Muuzaji aliapa kuwa ni nzima. Nilipofungua upande wa gia nilikuta oili haijai hata kijiko, nyeusi, nzito kama uji uliolala, na inanuka vibaya. Wengi hawajui kwamba chaja hii haipati oili ya injini. Ina oili yake mwenyewe, mbele na nyuma. Kwenye Mini, gia ya nyuma ndiyo inayozungusha pampu ya maji, na huko ndiko oili hukauka watu wasijue. Kwa bahati beringi zilikuwa bado nzuri. Gari langu pampu ya maji ina mkanda wake, hivyo ile gia ya nyuma tuliitoa na tundu likazibwa kwa kifuniko cha alumini. Ukienda kununua, izungushe kwa mkono taratibu. Ndani kuna rota mbili zenye mabawa matatu kila moja, zinapishana karibu kabisa bila kugusana. Ukisikia mkwaruzo wowote, irudishe mezani uondoke.

Kabla hujatumia hata shilingi, tazama krenki. Injini za 1.6 za mwanzo mwanzo zilikuwa na ncha fupi ya krenki ambayo hulegea kwenye puli, na kuiongezea mzigo wa chaja ni kujitafutia balaa. Yangu ni ya ncha ndefu, ndiyo sababu nilithubutu.

Hesabu ya puli haina miujiza. Injini ya lita 1.6 huvuta hewa kama lita 0.8 kila krenki ikizunguka mara moja. M45 husukuma lita 0.74 kwa kila mzunguko wake. Tukaifanya izunguke mara 1.6 kwa kila mzunguko wa krenki, ikawa inasukuma karibu lita 1.2 mahali panapotaka 0.8. Hewa haina pa kwenda, inajibana. Ukitoa inayovuja kati ya rota, geji inasoma psi 6 za shinikizo juu ya hewa ya kawaida. Kwa injini iliyotoka kiwandani bila chaja, yenye mbano wa 9.4 kwa 1, sikutaka zaidi ya hapo.

Sasa kishikio. Hapa ndipo pesa yangu ilipofanya kazi kuliko mahali pengine popote. Gereji mbili za magari zilinichomea kishikio na vyote viwili vikatupwa. Wa tatu alikuwa mzee mmoja anayetengeneza injini za boti karibu na bandari ya wavuvi, mtu aliyezoea kunyoosha shafti za rafadha. Hakuanza kwa kuchomea. Alichukua mshipi wa kuvulia, akauvuta kutoka uso wa puli ya krenki hadi uso wa puli ya chaja, akaniita. “Njoo utazame mwenyewe, mwanangu. Hapa unagusa, hapa haugusi.” Mwanya ulikuwa kama milimita 3. Ndio uliokuwa ukila mikanda yangu. Akakata bamba la chuma la milimita 10, akaweka mguu wa tatu kwenye bloku ili chaja isitikisike, na hakukaza bolti hata moja mpaka ule mshipi ulipolala sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilimchukua siku nne. Alinitoza 22,000, na ningemlipa zaidi kwa moyo mmoja.

Hata hivyo mkanda uliendelea kuteleza. Mikanda ya gari hili ni ya mbavu 4, na ikifika mizunguko 5,000 sindano ya geji ilishuka kutoka 6 hadi 4, harufu ya mpira ikapanda, na chini ya boneti kukatapakaa vumbi jeusi. Tulikerezesha puli mpya ya krenki yenye mbavu 6, tukaongeza kapi la kukaza ili mkanda uikumbatie zaidi puli ya chaja. Tangu siku hiyo haujateleza.

Mafuta ndiyo yaliyonitisha. Kompyuta ya kiwandani haiwezi kazi hii: hupima hewa kwa kile kibamba kinachosukumwa na hewa inapoingia, na injini hizi za 1.6 hazina kihisi cha kusikia injini ikigonga, yaani mafuta yakilipuka vibaya ndani yake. Nikafunga MegaSquirt, kompyuta ya injini unayoipanga mwenyewe, injekta kubwa, na kihisi cha kusoma mchanganyiko kwenye egzosti. Rafiki yangu Nairobi ana gari kama langu, chaja ile ile, puli zile zile, akanitumia ramani yake ya mafuta, lile jedwali linaloiambia kompyuta imwage mafuta kiasi gani kwa kila shinikizo la hewa. Kwake linakwenda vizuri mwaka wa pili.

Alfajiri moja nikalipeleka barabara ya Sala Gate, kabla ya Kakoneni, barabara tupu. Gia ya tatu, nikakanyaga. Mchanganyiko ulipaswa kusoma karibu 11.8, yaani sehemu 11.8 za hewa kwa moja ya mafuta, nikaona 13.5, mafuta hayatoshi, ikapanda hadi 13.8, na nikasikia sauti kama kokoto ndani ya kopo la bati. Niliachia mafuta mara moja. Moyo ulinidunda mpaka nikasimama kando ya barabara.

Kosa lilikuwa mwinuko. Nairobi hewa yenyewe ina shinikizo la kama kilopaskali 83. Hapa kando ya bahari ni 101. Chaja huzidisha inachopewa, hivyo gari la rafiki yangu hufika kama 118 na langu hufika 143. Safu za ramani yake zilizo juu ya 120 hazijawahi kuguswa. Alizijaza kwa kukisia, na gari lake halijawahi kufika huko likazijaribu. Nilizijenga upya moja moja, wiki tatu za alfajiri, nikarudisha moto nyuma nyuzi chache, yaani cheche za plagi ziwake zimechelewa kidogo, kila shinikizo linapopanda.

Joto nalo. Kaskazi mwezi wa Februari, hewa ya nje nyuzi 32, hewa inayotoka kwenye chaja ilifika 95. Tulipoweka kipozahewa (intakula, cha kupoza hewa ya chaja kabla haijaingia kwenye injini) mbele ya redieta ikashuka hadi 50 hivi. Usifunge chaja hapa bila hicho kifaa, hata kama umesoma kwamba kule Uingereza wapo wanaoendesha bila.

Kwa jumla nimetumia kama 270,000, kipozahewa na kompyuta vikiwa ndio vikubwa. Watu wa bima nimewaarifu. Mafuta linakula zaidi nikilikanyaga. Nikienda Mambrui polepole sioni tofauti, kwa kuwa vali ya kupitishia hewa hubaki wazi na chaja haibani kitu. Mluzi wake unasikika kuanzia mizunguko 3,000, na mimi naupenda mno. Lori la chumvi sasa nalipita kwa gia ya nne.

Kilichobaki ni kutu. Bamba la chuma lilianza kuchanua rangi ya kahawia mwezi wa tano, na bolti za chuma zilizoingia kwenye alumini ya chaja zimeanza kufanya unga mweupe. Jumatatu nalirudisha kwa mzee. Kishikio kitapigwa rangi ya boti, bolti zote zitapakwa grisi ya baharini, na oili ya chaja nitaibadilisha hapo hapo.