Seti ya kufundishia watoto habari za Madam C. J. Walker, uzoefu wangu

Wamama wenzangu mlioko huku Marekani mnaotafuta kitu cha kufundishia watoto wadogo historia ya weusi, mi nilinunua mtandaoni seti ya kuprinti ya Madam C. J. Walker, yule mama mweusi Mmarekani aliyetajirika kwa kuuza mafuta ya nywele, ina kadi za picha, karatasi za kupaka rangi na hadithi fupi, wameandika ni ya miaka 5 hadi 8. Nimefundishia wanangu na watoto wa majirani. Nunueni, ila msiisome kama ilivyo.

Kilichowashika watoto ni nywele. Kuna kadi Sarah (ndo jina lake la kuzaliwa, Sarah Breedlove) kainama kwenye beseni anafulia watu nguo huku kajifunga kitambaa, katoto kamoja ka miaka 6 kakauliza mbona kajifunika, nikasema nywele zilikuwa zinakatika mpaka ngozi inaonekana, akashika nywele zake za mbele akasema "na mimi huwa zinauma nikisukwa." Basi hapo somo likaenda lenyewe, tukaongea kwamba enzi hizo nyumba nyingi hazina bomba, kuosha kichwa ni shughuli, sabuni zenyewe kali, mba zimejaa.

Maisha yake ya mwanzo ni mazito jamani. Kazaliwa 1867 Delta, Louisiana, wazazi walikuwa watumwa kwenye shamba la pamba, yeye ndo wa kwanza kwao kuzaliwa huru, yatima akiwa na miaka 7, kaolewa na 14, na 20 keshakuwa mjane ana mtoto wa kike. Ya ndoa mi niliiruka, wakikua watajua.

Sasa kasoro. Karatasi moja inasema eti yeye ndo aligundua kile kitana cha chuma cha kuchomea nywele, sio kweli, kilikuwepo kabla yake, nimekata hiyo karatasi nikatupa. Halafu Annie Turnbo Malone hayumo kabisa! Huyu naye ni mwanamke mweusi, alikuwa na biashara yake ya dawa za nywele, na Sarah aliuza bidhaa za huyu mama kabla hajaanzisha za kwake kule Denver. Hili limeniuma kweli, kwa nini watoto waambiwe alianza peke yake wakati kuna mwenzake alimtangulia?

Na neno milionea wamelirudia kila ukurasa, mtoto wa chekechea milioni anaijulia wapi. Mi niliwaambia ana kiwanda Indianapolis, na wanawake kibao waliokuwa wakifua na kupika kwa watu wakafundishwa kuuza mafuta yake wakapata hela yao wenyewe, mwaka 1917 akawaita mawakala wake Philadelphia wakafanya mkutano mkubwa. Hapo walielewa.

Kadi nzuri kuliko zote ni ya Chicago 1912, mkutano wa wafanyabiashara weusi, mwenyekiti wao Booker T. Washington, kiongozi maarufu wa weusi, hampi Madam Walker nafasi ya kuongea, mama akasimama akaongea hivyo hivyo, na mwaka uliofuata akaalikwa rasmi. Watoto waliigiza wee, kila mtu anataka kuwa yule anayesimama, wa kukaa kiti cha mwenyekiti hapatikani ikabidi nikae mimi.

Mkiprinti tumieni karatasi nzito, na zile karatasi za kupaka rangi zenye lebo za kopo za mafuta yake ongezeni ukubwa kidogo maana vidole vidogo vinashindwa kupaka rangi ndani ya mistari.