Kikapu cha mboga cha elfu 10 kutoka Mgeta, uzoefu wangu wa miezi 7

Majirani wamenichosha kuniuliza vile vikapu vinavyoshushwaga kwangu Ijumaa ni vya nini na kama nimeanza biashara, sasa naandika mara moja yaishe.

Nakaa Mbagala, nina watoto 4, baba yao anaendesha boda na mi nakaanga vitumbua asubuhi. Hela yetu inaingia leo inaliwa leo. Nalisema hilo mapema maana nishaona watu wanasifia mboga za oda, ukifuatilia unakuta mtu ana mshahara na friji la milango miwili, huko sio kwetu kabisa.

Huduma yenyewe iko hivi. Kuna vijana watatu wanakusanya mboga kwa wakulima kule Mgeta, milima ya Uluguru, wanapakia Alhamisi jioni kwenye fuso la mtu, Ijumaa wanashusha mjini alafu wanasambaza mitaani kwa guta. Kikapu elfu 10. Cha wiki iliyopita kilikuwa na nyanya kilo 3, kabichi moja kubwa, karoti, hoho, kitunguu kilo moja, njegere kwenye kifuko na chainizi mafungu mawili. Karoti zinakuja na udongo wake, wa mwisho kuzaliwa anaifuta moja kwenye gauni langu anaanza kuitafuna pale pale mlangoni hata sijaziosha. Zamani huyu karoti alikuwa anazitoa kwenye wali moja moja anazipanga pembeni ya sahani kama ushahidi.

Sasa twende kwenye hela. Kabla sijaanza niliandika kwenye daftari wiki mbili nzima kila nilichonunua genge, nyanya za jero, kitunguu cha mia mbili, karoti moja, mchicha, limao. Kwa siku ilikuwa inatoka kama 2,500, yani 17,500 kwa wiki na hapo bado unakula nyanya nusu nusu. Sa hivi nalipa elfu 10 ya kikapu na genge bado naenda, kwa siku kama jero, mchicha na tembele vijana hawaleti kwa sababu vinanyauka njiani na hapa mjini vinalimwa. Jumla 13,500. Ile elfu 4 inayobaki kwangu ni mchele kilo na nusu, sio hela ya kudharau.

Na sio kwamba dada wa genge anatuibia, jamani. Nilimsindikiza siku moja sokoni saa kumi alfajiri nikaona. Kabichi imeshapita kwa dalali wa shambani, lori, ushuru, dalali wa sokoni, mbeba mzigo, alafu yeye na nauli yake. Viazi ndo usiseme, gunia limefungwa lumbesa limevimba kichwani kama mtu kabeba gunia lingine juu, mkulima kalipwa gunia moja, na lumbesa sheria ya vipimo inakataza ila wote tunaziona. Nilimuuliza kijana mmoja wao kwa nini hawaleti viazi, akasema wanaomuuzia wamezoea lumbesa na yeye ana mzani, hawaelewani.

Ila kilichonifanya nibaki sio bei. Bei nafuu ya elfu 10 kwa mkupuo kwangu ni sawa na bei ghali, maana Ijumaa asubuhi elfu 10 yote kwa pamoja naitoa wapi? Mwezi wangu wa kwanza kwenye huduma nilishindwa mara mbili, nikawa naangalia vikapu vya wenzangu vinapita. Tulichofanya ni kumweka kijumbe, mtu wa kukusanya hela, kama kwenye mchezo wa upatu, kila siku jioni unampa buku na jero, Alhamisi anawarushia vijana kwa simu hela ya mtaa mzima, na senti inayozidi inakaa kwake kwa ajili ya wiki mbovu. Vijana wala hawakulibuni hilo, tumelibuni wenyewe, na bila hilo huduma ingebaki ya wenye mishahara.

Bila friji nyanya naomba zile zilizoanza tu kupiga wekundu, nazitandaza kwenye gunia uvunguni, naanza kula zilizoiva. Zinafika Alhamisi. Njegere nazimenya siku hiyo hiyo maana zenyewe hazisubiri mtu.

Mabaya sasa, maana yapo. Aprili mvua ilipochachamaa, barabara ya kushuka kutoka Mgeta ikawa matope na fuso likalala njiani. Mzigo ulifika Jumapili. Tenga ukifunua juu nyanya nzuri zinang'aa, ingiza mkono chini unatoka na supu, nyasi zote zimelowa, masalo matupu. Kabichi ukiibonyeza kidole kinaingia. Tulipiga picha tukatuma, wakajibu "poleni mama zetu tutarekebisha", kurekebisha kwenyewe kulichukua wiki tatu na wakarudisha nusu. Nilinuna sana. Wiki zile nilirudi genge kichwa chini na dada akaniandika kwenye daftari lake la madeni bila kunisema neno, na hapo ndo nilijua kwamba vijana hata wawe na bei chee vipi hawakopeshi, mtoto akiumwa hela yote ikaenda dawa hawatakupa nyanya tatu mpaka kesho. Kwa hiyo genge sijaliacha na siliachi.

Toka wakati huo tumekubaliana Alhamisi inatumwa nusu tu ya hela, na mzigo unafunguliwa mbele ya dereva wa guta kabla kijumbe hajatuma nusu ya mwisho. Walilalamika kidogo wakakubali. Tangu Juni sijapata kabichi mbovu hata moja.

Nyota ningewapa tatu na nusu. Nusu ni ya karoti.

Namba msiniombe, mtaa wetu umejaa na hawaongezi mtu mmoja mmoja. Wanataka watu 15 wanaokaa karibu karibu ndo guta liingie, kwa hiyo anza kwanza kutafuta kijumbe ambaye hamtagombana naye.