Hitisinki ya shaba ya zamani au mnara mpya? Vifaa vya kompyuta ya michezo ya XP kwa joto la Tabora

Kwa michezo iliyotoka kati ya 2001 na 2007, mashine ya enzi zake yenye Windows XP bado inacheza vizuri kuliko kompyuta mpya, hasa kwa sauti: kuanzia Windows Vista, Microsoft iliondoa njia ambayo kadi za Sound Blaster zilitumia kutengeneza sauti ya EAX (mwangwi na mwelekeo wa sauti ndani ya mchezo). Vipande vingi vinapatikana Tabora kwa kunyofoa kompyuta za ofisi za mtumba, na vilivyobaki huagizwa Kariakoo vikaja na basi. Kuovakloki, yaani kuendesha prosesa kwa kasi kuliko ya kiwandani, nako si kazi ngumu. Kazi iko Oktoba, saa nane mchana, chumba cha bati kikiwa nyuzi 33 na zaidi na vumbi likiingia kila upenyo. Vifaa vimepimwa hapa kwa kipimo hicho.

Prosesa ya kuchukua ni Intel Pentium Dual-Core E5200 ya 2008. Ina GHz 2.5, yaani FSB (njia ya mawasiliano kati ya prosesa na madabodi) ya MHz 200 mara kizidishi 12.5, nayo ni ya wati 65. Ukiweka FSB 266 unapata GHz 3.33, na madabodi karibu zote nzuri za soketi 775 (tundu la prosesa hizi za Intel) zilitengenezwa kubeba 266 tangu kiwandani, kwa hiyo ubao hauteswi. E8400 ina nguvu zaidi (333 mara 9, na kwa FSB 400 inafika GHz 3.6), ila 400 inataka madabodi yenye kifua; za chipu ya G31 mwisho wake rasmi ni 333. Q6600 achana nayo. Michezo mingi ya wakati huo hutumia kiini kimoja tu, kwa hiyo viini vinne vitakuongezea joto la bure.

Usidanganyike kupandisha kasi kwenye Dell OptiPlex 755 au 760. BIOS yake (mipangilio ya msingi ya madabodi) haina sehemu ya kugusa FSB. Inunue kama mfadhili tu: toa prosesa, ramu za DDR2, na nyaya za SATA. Madabodi ya kutafuta ni Gigabyte GA-P35-DS3L. Madabodi yoyote ya mtumba iangalie kapasita zake (vimikebe vidogo vya umeme) juu: iliyovimba kichwa au kutoa ute wa kahawia, irudishe hapo hapo. Tena chipu ya P35 ilitangulia sokoni kabla ya E5200, hivyo BIOS ya zamani haiitambui prosesa hiyo. Mwambie muuzaji aiwashe ikiwa na E5200 yenyewe kabla hujatoa pesa.

Sasa hitisinki, kipande cha chuma chenye feni kinachopoza prosesa, ambako watu wengi hupoteza hela. Madukani kuna vile vidude vyenye feni ya taa za rangi. Geuza kimoja uone chini: alumini tupu, mapezi mafupi, na mistari ya msumeno bado inaonekana kwenye uso unaogusa prosesa. Kisha nenda kwa fundi mwenye rundo la Pentium 4 na Pentium D zilizokufa, uombe hitisinki ya Intel ya soketi 775 ile ndefu. Chini ina duara la shaba katikati, na ukiishika mkononi utajua mwenyewe kwa uzito. Shaba hupitisha joto karibu mara 1.7 ya alumini, na Intel waliiweka pale kwa sababu Pentium D zilikuwa majiko. Ile fupi isiyo na shaba, iliyokuja na Core 2 za mwisho, inatosha kasi ya kiwandani tu.

Kwa E5200 ya GHz 3.33, hiyo ya shaba inashinda zote kwa thamani ya pesa. Faida nyingine haizungumzwi sana: inapuliza hewa kwenda chini, kwa hiyo inapoza pia vipande vya umeme vinavyozunguka soketi. Mnara, yaani hitisinki ndefu ya kusimama kama Cooler Master Hyper 212 EVO, wenye mirija minne ya kubeba joto na feni ya milimita 120, unapoza prosesa vizuri zaidi lakini eneo hilo unaliacha, na urefu wake wa karibu milimita 160 hauingii kwenye makasha ya ofisi. Ununue ukiwa na E8400 ya 3.6. Na usisafirishe mashine kwa basi mnara ukiwa umefungwa. Uzito wote unaning'inia kwenye madabodi.

Tatizo la hitisinki ya Intel ni miguu yake minne ya plastiki. Bonyeza kwa mshazari, kona na kona inayotazamana nayo, kisha pindua madabodi uangalie nyuma: kila mguu mweupe lazima uwe umetanuka na pini nyeusi imepenya hadi mwisho. Mguu mmoja ukiwa nje, kona hiyo inainuka na joto linaruka nyuzi nyingi kwa dakika chache. Za mtumba nyingi miguu imevunjika. Tumia boliti za M3 zenye washa za nailoni pande zote mbili, ukaze kidogo kidogo kwa zamu. Pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki weka kiasi cha punje ya mchele katikati. Arctic MX-4 ya gramu 4 inatosha mashine kadhaa. Pesti ya zamani isafishe kwa isopropili, si spiriti ya hospitali yenye mafuta, maana inaacha utando.

Joto halina siri. Ukitoka volti 1.20 hadi 1.30 na GHz 2.5 hadi 3.33, joto la prosesa linafika karibu mara 1.56, kwa sababu kasi inazidisha moja kwa moja na volti inazidisha kwa mraba wake. Chumba kikipanda nyuzi 10, prosesa nayo inapanda nyuzi 10 zile zile. Ndiyo maana jaribio la usiku wa Julai halina maana. Endesha Prime95 (programu ya kuichosha prosesa) kwa saa nzima mchana wa jua, na ukiona Core Temp (programu ya kusoma joto) inapita 75, shusha. Usishangae namba ikigoma kushuka chini ya 40 na kitu mashine ikiwa imetulia. Vipimajoto vya prosesa hizi hukwama huko chini.

Kwenye BIOS, funga PCI Express (njia ya kadi ya grafiki) kwenye MHz 100 kwanza, vinginevyo diski inaweza kuharibu mafaili. Kisha gusa kizidishi cha ramu kabla ya FSB. Kikibaki 4.00 na FSB ikawa 266, ramu inatakiwa kwenda 1064, na DDR2-800 haitawaka: utaona feni zinazunguka na skrini nyeusi. Weka 3.00 upate 798. Panda 220, 240, 266, kila hatua ukiipitisha MemTest86+ (programu ya kupima ramu). Prime95 ikisimama na kosa, ongeza volti 0.025; mwisho wako ni 1.3625.

Pawa saplai isome ubavuni, usisome boksi. Iliyoandikwa wati 500 huku mstari wa volti 12 ukisema ampea 14, hiyo ni wati 168 za kweli. Tafuta ampea 30. Weka na stabilaiza.

Kadi ya grafiki: GTX 750 Ti, wati 60, na draiva za XP zipo. Epuka GeForce 8600 GT ya mtumba. Chipu zake nyingi hupasuka solda kwa kupata moto na kupoa, na kuoka kadi kwenye oveni hufufua kwa muda tu. Diski weka hali ya IDE (ya zamani) kwenye BIOS, kwani XP haina draiva ya AHCI (hali mpya zaidi).

Kwa vumbi, feni mbili za milimita 120 ziingize hewa mbele na moja itoe nyuma, mbele ukiwamba soksi ya nailoni ya kike. Hewa inayosukumwa ndani hutokea kwenye nyufa badala ya kuvuta vumbi humo. Ukipuliza kwa kompresa ya gereji, mwaga maji yake kwanza na uzuie mapanga ya feni yasizunguke. Kigoma vumbi ni nafuu kidogo lakini unyevu wa ziwa hulifanya ligande. Huko sugua na miguu ya ramu kwa kifutio kila ukifungua.

Kuanzia Septemba rudi FSB 240 na kizidishi cha ramu 3.33: GHz 3.0, ramu 799. Na badilisha betri ya CR2032 siku ya kwanza. Ikiwa imekufa, umeme ukikatika mipangilio yote inafutika na prosesa inarudi 2.5 bila kukuambia.