Pweza Wao Hana Mfano, Lakini Korosho za Mama Mkwe Wangu Wamezitoza Faini

Hapa Mtwara, katikati ya msimu wa korosho, nimetozwa shilingi 10,000 kwa sababu mama mkwe wangu aliwapa wajukuu zake korosho mezani. Sitanii, na risiti ninayo. Mgahawa wenyewe uko kando ya bahari mjini, na jina lake nitalihifadhi kwa ajili ya mpishi wao, mama mmoja ambaye hastahili kukosa wateja kwa kosa la mtu mwingine. Laiti mpishi huyo asingekuwepo, ningeliandika jina hilo kwa herufi kubwa.

Wasomaji wa Kusini hawahitaji kuelezwa jinsi msimu unavyoigeuza nyumba, ila wa kwingine huenda wakadhani kwamba nalalamikia kitafunwa tu. Kuanzia mwezi wa kumi hivi hadi karibu na mwaka mpya, korosho huanguka zenyewe chini ya mikorosho, huokotwa, hutenganishwa na mabibo, huanikwa juani, kisha hupelekwa kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika wa wakulima kusubiri mnada. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani wa kupewa hati ya mzigo ulioko ghalani, uanze mwaka 2007, mkulima hupeleka mzigo leo na kuisubiri fedha yake baadaye, na kusubiri huko kuna maneno yake ambayo si ya leo. Fedha ikishaingia, hata kama ni kidogo, watu huezeka bati, hununua baiskeli, hulipa madeni na kutembeleana. Mama mkwe wangu, ambaye shamba lake liko Newala, huteremka kutoka huko juu kupitia Tandahimba na Nanyamba akiwa na unga wa muhogo, mbaazi na kiroba cha korosho, na kwa siku zote anazokaa kwetu watoto hawamsikilizi mtu mwingine yeyote. Nguo zao hujaa madoa ya mabibo ambayo hakuna sabuni inayoyatoa, na mama yao hujifanya hajayaona.

Katika ziara hiyo huwa tunaitenga Jumapili moja ya kutoka wote pamoja. Ni majira mazuri kwa jambo hilo, kwa kuwa upepo wa kusi umekwisha kupoa, kaskazi haijashika sawasawa, mvua bado zinachelewa na bahari imetulia kiasi kwamba hata bibi wa milimani hukubali kutia miguu majini. Safari hii tulianzia Mikindani, ambako hatukukaa sana kwa sababu ya jua. Watoto walipanda hadi kwenye boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, wakaambiwa kwamba Livingstone alipita katika mji huo mwaka 1866 akielekea bara, na wakataka kujua kama alikula pweza kabla ya kuondoka. Swali hilo lilitokana na ahadi tuliyokuwa tumewapa, kwamba chakula cha mchana kingekuwa pweza. Mama mkwe ndiye aliyekuwa ameomba pweza, kwa sababu kwao samaki aghalabu hufika akiwa amekaushwa, na pweza aliyetoka majini asubuhi hiyo kwake ni jambo la kuvalia khanga mpya.

Asubuhi ileile, kabla hatujatoka, alikuwa amechoma korosho uani kwetu. Naomba kulieleza jambo hili kwa utulivu, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Korosho zenye maganda humwagwa juu ya kipande cha bati motoni, hukorogwa kwa mti mrefu, na mafuta ya ganda yakichemka hushika moto na kutoa moshi mweusi unaowasha macho. Watoto hufukuzwa mbali kwa kuwa mafuta hayo hubabua ngozi. Zikishaiva humwagiwa mchanga ili moto ufe, kisha hugongwa kwa jiwe mojamoja, kwa kipimo ambacho ni mikono ya wazee tu inayokijua, ili ganda lipasuke na kiini kibaki kizima. Mtu mzima aliyeinama kwa muda huo wote hufunga matunda ya kazi yake kwenye kifuko, akakitia mkobani na kusema ni za wajukuu njiani. Hicho ndicho kilichokuja kuitwa “chakula cha nje”.

Tulipokelewa vizuri, sikatai. Binti aliyetuhudumia alimwamkia mama, akatutafutia meza yenye kivuli na kutuambia wazi kwamba pweza angechukua muda. Muda wenyewe ulikuwa mrefu kuliko aliousema, lakini sikuudhika, maana pweza aliyeharakishwa hutafunika kama ndara na afadhali kusubiri. Watoto walikuwa wamechoka kwa njaa. Bibi yao akafungua mkoba, akatandaza kifuko juu ya meza na kumgawia kila mmoja kidogo, pamoja na yule binti, ambaye alizipokea kwa mikono miwili na kushukuru.

Hapo ndipo alipotokea msimamizi. Alikuwa kijana wa umri wa kuwa mjukuu wa mama mkwe wangu, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri sana, na alisimama nyuma ya kiti chake bila shikamoo, bila habari za mchana, bila hata kukohoa. Alisema chakula kutoka nje hakiruhusiwi. Mke wangu akamjibu kwa upole kwamba ni korosho chache za watoto, na kwamba chakula chenyewe tumeagiza hapahapa na bado tunakisubiri. Kijana akarudia maneno yaleyale kwa sauti ya juu zaidi, meza za jirani zikageuka, kisha akaongeza akimtazama mama, “Bibi, hapa si gulioni.” Alipomaliza alinyoosha mkono, akakikunja kile kifuko mbele ya mwenyewe na kukichukua hadi kaunta, akisema tutakipata wakati wa kutoka.

Wanaume wenye wakwe watanielewa. Mbele ya mama mkwe mtu hapandishi sauti, hasimami kwa kishindo, wala hatamki neno ambalo atashindwa kulirudisha. Nilikaa kimya huku mishipa ya shingo ikinisimama, na kimya hicho ndicho ninachokilipiza leo. Aliyejibu ni yeye mwenyewe, bila kugeuza kichwa, kwa sauti ileile anayoitumia kuwaambia watoto wanawe mikono: “Mjukuu wangu, shikamoo umeninyima na korosho umezichukua. Basi hata maji ya kunywa niletee.” Kijana alisema huo ni utaratibu, akaondoka. Maji aliyaleta yule binti, macho yake yakiwa chini.

Najua mgahawa una haki ya kukataza vyakula vya nje. Mtu hawezi kuja na sufuria la pilau, akakalia kiti cha watu na kuagiza soda moja. Ila kuna namna ya kusema, na kuna mtu wa kumwambia, yaani mimi mwenye kulipa, pembeni. Tena nilipoichukua orodha yao ya vyakula nikaona wanauza korosho pia, bakuli dogo kwa shilingi 5,000. Jirani aliyekuwa ameziagiza alinionyesha. Zilikuwa nyeupe, zisizo na alama hata moja ya moto, na binti alituambia kwamba huja kwenye pakiti kutoka Dar es Salaam. Korosho nyingi za mkoa huu husafirishwa zikiwa ghafi hadi India na Vietnam ili zikabanguliwe huko, hilo tumelizoea na kulilalamikia miaka yote. Sikutegemea kwamba na zile chache zinazobaki kwetu, zilizobanguliwa kwa jiwe na mama wa Newala, zingekamatwa mezani ili kulinda soko la pakiti.

Kisha chakula kikaja, na hapa lazima niwe mkweli ingawa hasira hainitaki. Pweza yule alikuwa wa nazi, mchuzi wake mzito, na nyama yake ililegea bila kuvurugika. Ugali wa muhogo ulikuwa umesongwa na mtu anayejua, mweupe na unaovutika, bila donge. Kulikuwa na kachumbari ya embe bichi yenye pilipili ambayo mtoto wetu mdogo aliila huku akilia na kuomba tena. Mama mkwe alikula bila kusema neno hadi sahani ikawa nyeupe, akanawa, na kuomba amwone aliyepika.

Mpishi alitoka jikoni akijifuta mikono, akapiga goti kidogo na kuamkia, ingawa mwenyewe si mtoto. Wawili hao walizungumza kwa muda mrefu kuliko subira ya msimamizi, ambaye alikuwa akichungulia kutoka kaunta. Mpishi alieleza kwamba wakati wa bamvua, maji yanapotoka sana na miamba kubaki wazi, wanawake anaowafahamu humchokoa pweza mapangoni kwa fimbo na kumletea siku hiyohiyo. Humpondaponda vizuri kabla ya kumbandika, humwacha achemke kwa maji yake mwenyewe, wala hamtii chumvi mapema. Mama mkwe akamwambia kwamba kwao nazi ni ya kununua lakini korosho ni za bure, na kwamba mchuzi wa korosho zilizopondwa ungemfaa pweza huyo. Mpishi alicheka na kusema angependa kuujaribu. Kwa dakika zile nilikuwa tayari kuusamehe mgahawa mzima, na kama ningeandika saa hiyo, mngesoma sifa tupu.

Ndipo ikaja bili. Chini ya pweza, ugali, soda na maji, kulikuwa na mstari uliosomeka “Chakula cha nje 10,000”. Nilimwachia mke wangu kazi ya kuwapeleka mama na watoto ufukweni, kisha nikaenda kaunta nikiwa huru na ulimi wangu. Nilimwomba msimamizi anionyeshe mahali ambapo mteja huelezwa kuhusu faini hiyo kabla ya kukaa. Alinionyesha karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa friji ya soda, upande unaotazama ukuta, ambayo ili kuisoma ililazimu nipinde shingo na kuliegemea kreti. Nilimuuliza kama korosho za mtu mzima kwa wajukuu zake zinalingana na sinia la pilau, akasema utaratibu haubagui. Nililipa. Nililipa kwa sababu mama mkwe alikuwa ameanza kugeuka kututazama, na sikutaka aanze kufungua kile kifundo cha khanga yake.

Nikaomba kifuko chetu. Kijana mmoja wa kaunta akakitoa chini ya droo, na nilipokishika nilijua. Kilikuwa chepesi. Juu ya kaunta, karibu na mashine ya risiti, kulikuwa na vile vigozi vyembamba vya rangi ya kahawia vinavyobanduka kwenye korosho ya kuchoma, ambavyo korosho za pakiti hazina, na kijana yule alikuwa bado anatafuna. Sikuwa na haja ya shahidi. Korosho zilizokuwa haramu mezani kwetu zilikuwa halali nyuma ya kaunta, na aliyezilipia ni mimi. Nilimtazama msimamizi, naye akapata shughuli ya haraka sana kwenye kompyuta yake.

Sasa nitoe hukumu gani? Nilipokaa kuandika nilikuwa na nyota moja, na hiyo moja niliitoa kwa shingo upande. Nilipofika kwa mpishi nilipanda hadi nne, maana kwa kweli sijala pweza wa namna ile katika mji huu, na bei ya chakula chenyewe haikuwa mbaya kwa familia. Yule binti wa kuhudumia naye anastahili kupandishwa cheo, ikiwezekana apewe cha msimamizi. Lakini kila nikiifungua ile risiti nashuka tena, na nikivikumbuka vile vigozi kaunta nashuka zaidi. Niache mbili. Hapana, mbili na nusu, ile nusu ikiwa ya kachumbari.

Atakayekwenda aulize kwanza kama pweza ni wa siku hiyo, aende mapema kabla jua halijawa kali, na akague ubavu wa friji kabla ya kufungua mkoba wowote. Mwenye mgahawa, kama atasoma, sihitaji anirudishie ile elfu kumi. Amtume kijana wake aje nyumbani kwetu amwamkie mama mkwe wangu, ambaye bado yupo hadi malipo ya korosho zake yaliyobaki yaingie. Yeye mwenyewe hana kinyongo hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu jana jioni alimuuliza mke wangu bamvua lijalo ni lini, na ameshatenga korosho za kumpelekea mpishi kwa ajili ya ule mchuzi. Tutapitia mlango wa jikoni.