LibreOffice na Word kwenye kaunta ya saiba, Kisumu

Ninazitumia LibreOffice na Microsoft Office sambamba kwenye saiba hapa Kisumu, na kazi ni zile zile kila siku: CV, vijitabu vya mazishi, tasnifu za wanafunzi wa Maseno, hesabu za vyama. Kwa kutaipu na kuprinti, programu huria haina cha kuionea haya ile ya kulipia. Shida huanza faili inapovuka kaunta, ikitoka kwenye Word ya mteja au ikirudi kwake. Hapo LibreOffice hulaumiwa sana, ilhali mara nyingi mkosaji ni fonti.

Mteja analeta CV ya kurasa mbili kwenye flashi. Ukiifungua inakuwa tatu, na mdhamini wa mwisho ananing'inia peke yake kwenye ukurasa wa tatu. Sababu ni kwamba Word iliweka Calibri kama fonti ya kuanzia tangu toleo la 2007 hadi 2023, na Calibri ni mali ya Microsoft, kwa hiyo Linux, mfumo huria unaokaa mahali pa Windows, haiji nayo. Mashine ikiikosa huchukua fonti nyingine yenye herufi pana zaidi na mistari inaanza kusukumana. Dawa ni Carlito, ambayo upana wa kila herufi ni ule ule wa Calibri, pamoja na Caladea inayoshika nafasi ya Cambria. Kwenye Linux Mint au Ubuntu andika:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Arial na Times New Roman tayari zina pacha wao wa Liberation. Ukizitaka zenyewe, sakinisha ttf-mscorefonts-installer. Katikati ya kazi itakuletea ukurasa wa masharti ambao haubofyeki kwa maus. Bonyeza Tab mpaka OK iwake, kisha Enter. Wengi hufunga dirisha hapo kwa hasira, wakaacha apt, kisakinishi cha Linux, kimekwama.

Kujua kama fonti ipo, weka kishale kwenye neno na utazame kisanduku cha jina la fonti juu: jina likiwa limeandikwa kwa italiki (herufi za mlazo), fonti haipo. Faili za Word mpya huja na fonti ya Aptos, na LibreOffice haina pacha wake. Kwa hizo mwombe mteja atume na PDF, upate cha kulinganisha kabla hujaprinti.

Kwenye kijitabu cha mazishi, Writer, sehemu ya kuandikia ya LibreOffice, inaishinda Word, na sisemi hivyo kwa mapenzi tu. Weka ukurasa uwe A5 tangu mwanzo, herufi 11 au 12. Ukitaipu kwenye A4 halafu ukategemea printa ipunguze, herufi ya 12 inashuka hadi karibu 8.5, na wazee wanaoshika kijitabu chini ya hema hawataisoma. Maliza kila kitu, kisha nenda File, Print, na kwenye sehemu ya Page Layout chagua Brochure, karatasi iwe A4 iliyolala. Writer yenyewe inapanga ukurasa wa 1 ubavuni mwa ule wa mwisho. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Ukiwa na 10 utapata 12, mbili tupu, kwa hiyo afadhali uongeze picha za familia kuliko kuacha weupe. Kama printa inageuza karatasi yenyewe, chagua ukingo mfupi. Ukichagua mrefu, upande wa nyuma unatoka kichwa chini miguu juu. Jaribu karatasi moja kwanza, si nakala mia mbili.

Ila picha hizo hizo ndizo zitakuaibisha ukihifadhi kama docx, yaani faili ya Word. Writer inaruhusu picha ifungwe kwenye ukurasa. Word haina kitu hicho, inafunga picha kwenye aya. Ukijua familia itataka kurekebisha jina la shemeji kwenye Word yao, funga kila picha kwenye aya mapema.

Tasnifu ni ugomvi wa aina nyingine. Chuo kinataka kurasa za mwanzo ziwe i, ii, iii, na sura ya kwanza ianze na 1. Word hufanya hivyo kwa kukata hati vipande. Writer hutumia mitindo ya kurasa, na ukishaizoea hutaki kurudi nyuma: tengeneza mtindo mmoja wa namba za Kirumi na mwingine wa kawaida, weka Manual Break kabla ya sura ya kwanza, chagua mtindo wa pili, tia alama kwenye Change page number na uandike 1.

Mtego uko hapa. Kwa Writer, ukurasa wenye namba witiri ni lazima uwe wa kulia. Kurasa za mwanzo zikiishia kwenye namba witiri, tuseme vii, halafu inayofuata iwe 1, inachomeka ukurasa mtupu katikati bila kukuambia, na printa inautoa. Ukitoza shilingi 10 kwa ukurasa, mwanafunzi atauliza analipia nini. Nenda Tools, Options, LibreOffice Writer, Print, uondoe alama kwenye Print automatically inserted blank pages.

Na kwa kuwa stima za huku tunazijua, ukiwa hapo hapo kwenye Options ingia Load/Save, General, ushushe muda wa AutoRecovery uwe dakika 3.

Calc, sehemu ya hesabu ya LibreOffice, sina mengi ya kuisifu. Hesabu za chama na alama za wanafunzi inazimudu. Lakini XLOOKUP, fomula ya kutafuta thamani kwenye jedwali, iliingia toleo la 24.8 la LibreOffice, mwaka 2024, na Ubuntu 24.04 inakuja na 24.2, kwa hiyo faili ya mhasibu kijana inaweza kukujibu #NAME? Chukua toleo jipya kupitia Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha programu kwenye Linux. Makro za Excel, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, ndizo ukuta wenyewe. Fomu ya Excel ya iTax, mfumo wa kodi wa Kenya, inategemea makro ili ikague ulichojaza na itoe faili ya zip ya kupakia. Usipoteze saa ya mteja kuijaribu kwenye Calc.

Kuhusu gharama, watu hulinganisha LibreOffice na Office iliyokrakiwa, wakasema zote ni bure. Si kweli. Kile kifaa cha kukraki hukuomba uzime antivairasi kwanza, na kwenye mashine inayopokea flashi za mtaa mzima, huo ni mlango wazi. Ulinganisho wa haki ni na Microsoft 365 ya kulipia, ambayo usajili ukiisha inakuachia kusoma na kuprinti tu, kuhariri hapana. Office 2016 na 2019 nazo msaada wake ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, siku moja na Windows 10. Kompyuta nyingi za ex-UK (zilizotumika Uingereza kwanza) tulizo nazo ni za Intel kizazi cha 4 hadi cha 6, na Windows 11 kwa Intel inataka kuanzia cha 8. Mint ya XFCE, toleo jepesi la Linux Mint, inakaa humo vizuri kwa RAM ya GB 4, hasa ukitoa diski ya kuzunguka ukaweka SSD.

Nikipanga saiba ya mashine tano, ningelipia leseni moja halali, niiweke kwenye mashine ya kaunta kwa kazi za iTax na kwa kukagua docx kabla haijarudi kwa mteja. Zile nne, Mint na LibreOffice, fonti za Carlito zikiwa zimesakinishwa kabla mteja wa kwanza hajaketi.