Spika za mbele za Peugeot 504: huduma ya karakana moja ya Majengo, Moshi

Karakana hii ndogo ya redio za magari iliyopo Majengo, mjini Moshi, inastahili sifa kwa jambo moja hasa: fundi hakushika msumeno kabla ya kunieleza kwa kina spika za mbele za Peugeot 504 yangu zingeweza kukaa wapi. Mlangoni kuna nafasi, lakini kioo kikishushwa huingia humo humo, kwa hiyo spika yenye sumaku nene hugongana nacho, na maji ya mvua yanayopenya kwenye mpira wa dirisha huiharibu mapema. Juu ya dashibodi, jua letu halina huruma.

Tulichagua ubavuni, karibu na miguu, ndani ya visanduku vya mbao vilivyofunikwa kwa zulia, ambavyo huzuia mawimbi ya nyuma ya spika yasiyafute yale ya mbele na kuua besi, wala havihitaji bati la asili likatwe. Sauti sasa ni safi hata barabarani. Kisanduku cha dereva, hata hivyo, kingeweza kuwa chembamba zaidi, kwani kinabana kidogo mguu wa kulia, na risiti hupewi mpaka uiombe.